Pakanga Ianzie Bustanini, Ekari Isubiri Mnunuzi

Siku hizi haipiti wiki bila kijana kuniuliza: "Bwana shamba, artemisia inalipa?" Wengine wananitumia kabisa picha ya miche wanayouziwa, wanataka niseme ndiyo ili watume hela. Leo nataka nijibu mara moja, na nieleze sababu zangu, maana swali hili lina hela za watu ndani yake na lina afya za watu ndani yake.

Msimamo wangu ni huu. Pakanga ni mmea mzuri sana wa bustani ya nyumbani. Panda miche mitano, panda hata kumi, uitunze na ujifunze tabia zake. Lakini usilime ekari kabla ya kuwa na mnunuzi aliyeandika na kusaini. Na hayo majani ya bustanini usiyafanye dawa ya malaria, wala usimuuzie jirani kama dawa ya malaria.

Najua kuna watakaonuna. Nisikilizeni kwanza.

Unazungumzia pakanga ipi?

Hapa ndipo vijana wengi wanapopigwa. Jina pakanga wengi tumelikuta kwenye Biblia, ile nyota ya Ufunuo iliyoangukia mito na chemchemi maji yakawa machungu. Lakini shambani jina hilo linabeba mimea zaidi ya mmoja, na mimea hiyo haifanani kazi.

Ya kwanza ni Artemisia annua, yenye asili ya China. Hii ndiyo yenye artemisinini, ile kemikali inayotengenezewa dawa ya mseto. Ni ya msimu mmoja: inaota, inakua hadi mita mbili ikipata nafasi, inatoa maua, inakufa. Majani yake ni ya kijani, yamechanika-chanika kama ya karoti, na harufu yake ni tamu kiasi.

Ya pili ni Artemisia afra, ya kwetu kabisa. Inaota yenyewe kwenye nyanda za juu kuanzia Ethiopia, Kenya na Tanzania hadi Afrika Kusini. Inaishi miaka mingi, shina lake linakuwa gumu kama kichaka, na upande wa chini wa majani una rangi ya kijivu. Watu wetu wameitumia kwa mafua na kikohozi tangu zamani. Lakini artemisinini haina, au ina chembe tu isiyofaa kitu kiwandani.

Ya tatu ni Artemisia absinthium, pakanga ya Ulaya. Nayo inaishi miaka mingi, majani yake ni ya kijivu pande zote na laini kama hariri, na uchungu wake hausemeki. Ina mafuta yenye tujoni, ambayo ukizidisha yanadhuru mishipa ya fahamu. Hii hata kiwanda cha dawa ya malaria hakiihitaji.

Sasa angalia kinachotokea. Kijana mmoja katika kata ninayoihudumia alinunua miche 600 kwa shilingi 1,500 kila mmoja. Hesabu mwenyewe, hiyo ni shilingi 900,000. Aliambiwa ni "artemisia ya malaria". Nilipofika nikakuta vipandikizi vya vijiti, shina gumu, majani ya kijivu kwa chini. Ilikuwa afra. Mmea mzuri tu, ungekaa vizuri kwenye ua wa nyumba, lakini si ule alioahidiwa. Aliyemuuzia alikuwa ameshahamia wilaya nyingine na simu haipatikani.

Kwa hiyo sheria ya kwanza: ukiambiwa artemisia, uliza jina lote. Ukiona mche umetokana na kijiti kilichokatwa kwenye kichaka cha zamani, shtuka. Annua kwa kawaida huanzia kwenye mbegu.

Hesabu ya miche haikubali

Tuseme muuzaji ni mwaminifu na mche wake ni annua ya kweli. Ukipanda mita moja kwa mita moja, ekari inachukua miche kama 4,000. Kwa bei ile ya 1,500 umeshatoa shilingi milioni 6 kabla hujalima, hujaweka samadi, hujapalilia.

Sasa sikia hili. Mbegu ya annua ni ndogo kama vumbi. Gramu moja ina mbegu zaidi ya 10,000. Yaani hata nusu zisipoota, gramu moja inakutosha ekari na miche inabaki ya kugawia jirani. Mtu anayekuuzia mche mmoja mmoja kwa bei hiyo faida yake inaishia pale unapolipa. Majani yako yakikosa soko, yeye hapungukiwi kitu.

Tumeshaona mchezo huu. Kwenye kware, aliyetajirika ni aliyewahi kuuza mayai na vifaranga kwa wafugaji wapya. Wafugaji wapya walipokwisha, na bei ikaisha. Zao lolote ambalo wateja wake wakubwa ni wakulima wengine wanaotaka kulianza, likimbie.

Bei ya artemisinini ilishawahi kuumiza watu

Wapo wanaosema, "Lakini dunia nzima inahitaji dawa ya malaria." Ni kweli. Hata hivyo, uhitaji wa dawa haumaanishi kwamba majani yako yana mnunuzi. Tujifunze kwa waliotutangulia.

Miaka ya mwanzo ya 2000, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza nchi zihamie kwenye dawa mseto zenye artemisinini. Sisi Tanzania tuliingia rasmi mwaka 2006. Mahitaji yalipanda ghafla, majani hayakutosha, na mwaka 2005 kilo moja ya artemisinini ilivuka dola 1,000. Watu wakasikia. Wakulima wa China na Vietnam wakaongeza mashamba, na huku Afrika Mashariki nako kilimo cha mkataba kikashika kasi. Mavuno ya wote yakafika sokoni kwa pamoja. Kufikia 2007 bei ilikuwa chini ya dola 200 kwa kilo. Wengi wakang'oa na kurudi kwenye mahindi.

Tatizo la zao hili ni muda. Kutoka mbegu hadi kidonge ni zaidi ya mwaka. Ukiona bei nzuri leo ukakimbilia kupanda, unavuna wakati kila mtu anavuna. Mahindi yakishuka bei unasaga unakula. Majani ya artemisia yakishuka bei utayapeleka wapi? Na kadiri yanavyokaa ghalani ndivyo dawa iliyomo inavyopungua.

Tena tangu 2013 kuna kiwanda Ulaya kilichoonyesha kwamba artemisinini inaweza kutengenezwa kwa msaada wa hamira iliyobadilishwa vinasaba. Gharama yake haijaua kilimo, lakini mnunuzi anajua kwamba mkulima siye njia pekee. Hilo lazima ulijue unapokaa naye mezani.

Bustanini ni tofauti

Baada ya kusema yote hayo, mbona nakuambia upande? Kwa sababu bustani inakufundisha kwa gharama ndogo. Siku mnunuzi wa kweli akija na mkataba, wewe uwe unajua mbegu inaotaje, mmea unatoa maua lini kwako, na majani yanakaukaje. Aliyejifunzia kwenye ekari analipa ada kubwa.

Kitalu. Chukua trei au beseni lililotobolewa chini, jaza udongo laini uliochekechwa, uchanganye na mchanga na mboji iliyoiva. Changanya mbegu na mchanga mkavu ili zisimwagike sehemu moja. Nyunyiza juu, kandamiza kidogo kwa kiganja, na usifukie. Mbegu hii inahitaji mwanga ili iote, ukiifukia kama ya mchicha utasubiri hadi uchoke. Usimwagilie kwa kumimina, itasombwa. Kaa beseni ndani ya maji ya kina kifupi udongo unyonye kutoka chini, au tumia bomba la kupulizia lisilowahi kubeba kiuagugu. Ndani ya wiki moja au mbili utaona ukijani. Miche ikisongamana, ng'oolea, la sivyo kinyausi kitaimaliza yote usiku mmoja.

Kupandikiza. Miche ikifika urefu wa kiganja, baada ya wiki kama sita hadi nane, izoeze jua kidogo kidogo kisha ipeleke bustanini jioni. Chagua mahali penye jua la kutosha na pasipotuama maji. Weka koleo moja la samadi iliyoiva kila shimo. Acha mita moja kati ya mche na mche. Utaona ni nafasi kubwa mno, lakini baada ya miezi mitatu utaelewa.

Majirani zake. Hili wengi hawaambiwi. Artemisinini inazuia mbegu na mizizi ya mimea mingine. Kwa hiyo usiipande katikati ya tuta la mboga, na majani yake mabichi usiyafanye matandazo ya kitalu cha nyanya. Ipe kona yake, pembeni mwa uzio.

Matunzo. Miezi miwili ya mwanzo palizi ndiyo kila kitu, kwa sababu ikiwa ndogo inazidiwa na magugu. Ikishapanda yenyewe inayafunika. Mwagilia wiki za mwanzo, baadaye punguza. Wadudu wanaoisumbua si wengi, ila sota hukata miche michanga usiku na vidukari hukusanyika kwenye ncha. Zungushia mche jivu, na vidukari visafishe kwa maji ya sabuni.

Maua. Hapa ndipo penye siri ya zao lenyewe. Annua hutoa maua mchana unapokuwa mfupi, chini ya saa 13 na nusu hivi. Sisi tuko karibu na ikweta, mchana wetu ni kama saa 12 mwaka mzima. Maana yake mbegu ya kawaida iliyoagizwa kwenye intaneti kutoka nchi za baridi inaweza kukutolea maua ikiwa magotini, majani machache, kazi imekwisha. Zipo aina zilizochaguliwa kwa ajili ya nchi za joto zinazochelewa maua, na mara nyingi zinafanya vizuri kwenye miinuko ya mita 1,000 na zaidi. Ukipanda miche kumi utaona yako ni ya aina gani kabla ya kuingiza mtaji. Hilo tu linatosha kukuokolea milioni.

Kuvuna na kukausha. Dawa huwa nyingi kwenye majani maua yanapokaribia kuchanua. Ukiona vichomozo vya maua vinaanza, kata mmea asubuhi umande ukishakauka. Tundika au tandaza kivulini penye upepo, juu ya turubai safi, ugeuze kila siku. Yakikauka hadi yanavunjika mkononi, pukuta, chekecha uondoe vijiti, weka kwenye gunia safi na uandike tarehe. Funika pua na mdomo unapopukuta, vumbi lake na chavua yake huwapa watu wengine chafya na muwasho.

Ukiwa na afra au absinthium kwenye ua, hizo utunzaji wake ni rahisi zaidi. Kata kijiti cha sentimita 10 hadi 15 kisicho na ua, toa majani ya chini, kichomeke kwenye mchanga mchanganyiko kivulini. Baada ya wiki tano au sita kina mizizi. Kila baada ya maua punguza matawi kwa theluthi ili kichaka kisizeeke na kuwa uwazi katikati. Matawi makavu weka kabatini kufukuza nondo wa nguo.

Chai ya pakanga na malaria

Hapa naomba tuelewane vizuri, kwa sababu wengi wakishakausha tu wanaanza kufunga pakiti.

Mwezi Mei 2020 ndege yetu ilikwenda Madagascar kuchukua kinywaji cha artemisia kilichodaiwa kutibu korona. Tangu hapo mmea huu ulipata jina ambalo haujalishuka. Leo kuna unga wa majani unaouzwa stendi na mitandaoni kwa malaria, korona, sukari, presha, kila kitu.

Sasa angalia dawa ya mseto yenyewe. Mtu mzima anameza vidonge vinne mara mbili kwa siku, siku tatu, jumla 24. Kila kidonge kina miligramu 20 za artemetha, inayotengenezwa kutokana na artemisinini, na miligramu 120 za lumefantrini. Zipo mbili kwa sababu. Artemetha inaua haraka lakini inatoka mwilini ndani ya saa chache. Lumefantrini inakaa siku kadhaa ikimalizia waliobaki. Kwenye kikombe chako cha chai lumefantrini haimo. Artemisinini yenyewe haiyeyuki vizuri kwenye maji, na kiasi chake kinabadilika kwa mbegu, udongo, siku ya kuvuna na miezi uliyoyaweka majani. Nani atakuambia kikombe hiki kina miligramu ngapi?

Hata Tu Youyou, mwanasayansi wa China aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kuipata dawa hii ndani ya mmea huu, alilazimika kuachana na kuchemsha. Moto ulikuwa unaharibu. Alifanikiwa alipobadili njia akaitoa kwa etha, kwenye joto dogo.

Shirika la Afya Duniani liliandika wazi mwaka 2019 kwamba haliungi mkono matumizi ya mmea wa artemisia wenyewe, kwa chai au kwa unga, kutibu au kukinga malaria. Na kuna jambo linalotugusa zaidi. Kuanzia 2020 watafiti wameripoti Rwanda, kisha Uganda, kisha mkoani kwetu Kagera, vimelea vya malaria vinavyochelewa kufa kwa artemisinini. Sisemi chai ndiyo iliyovileta. Nasema hii ndiyo dawa tunayoitegemea, na kumpa kimelea dozi ndogo ndogo zisizopimwa ni kumzoesha. Ikishindwa hii, hatuna nyingine ya bei hii pembeni.

Najua hoja ya wazee: "Babu zetu hawakuwa na zahanati na waliishi." Nawaheshimu wazee, na mwarobaini wa nyumbani kwetu uko palepale. Lakini wazee wale wale watakuambia walizika watoto wangapi. Mtoto wa chini ya miaka mitano akipata malaria kali, siku mbili za kujaribu chai zinatosha kumpoteza. Tena si kila homa ni malaria. Zahanati wana kipimo cha damu kinachotoa jibu ndani ya dakika ishirini hivi. Mjamzito naye asiguse majani haya kabisa.

Upande wa biashara, kuuza unga kwa madai ya kutibu bila kusajiliwa kunakuweka mikononi mwa sheria. Dawa za asili zina baraza lake la usajili, Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Kijana anayejenga jina la biashara yake asilichezee kwa pakiti ya shilingi elfu mbili.

Kabla hujatoa hela

Ukifuatwa na mtu anayetaka ulime artemisia kibiashara, muulize haya na akujibu kwa maandishi. Ni aina gani, na mbegu imethibitishwa na nani? Mnunuzi ni nani na kiwanda chake kiko wapi? Atachukua kilo ngapi, kwa bei gani, lini? Nani atapima kiasi cha artemisinini kwenye majani yako, na yakiwa chini ya kiwango itakuwaje? Mnunuzi akivunja mkataba, utalipwa nini? Mnunuzi wa kweli hakasiriki kwa maswali haya. Mara nyingi yeye ndiye anayeleta mbegu, kwa sababu majani yenye dawa kidogo ni hasara kwake pia.

Uliza pia wakulima walioshalima naye msimu uliopita, si wanaotarajia kulima naye msimu ujao.

Akijibu yote, njoo tukae tupige hesabu ya ekari pamoja. Ekari iliyotunzwa vizuri inaweza kutoa kilo 400 hadi 1,000 za majani makavu, kwa hiyo zidisha kwa bei iliyoandikwa kwenye mkataba, toa kitalu, samadi, vibarua wa palizi, uvunaji na turubai, kisha linganisha na kitunguu au maharage kwenye ekari hiyo hiyo. Kinachobaki ndicho kitakachokuambia ulime nini.

Asipojibu, weka hela yako kwenye zao ambalo soko lake unalijua, na upande miche kumi ya pakanga pembeni mwa uzio. Na kabla ya kununua hata huo mmoja, kata tawi lake lenye majani umpelekee afisa ugani wa kata yako alitazame. Hiyo ni kazi yetu, na ni bure.